Bwawa lililopingwa kutoka Mbagala: uchambuzi wa kisa kimoja

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinahusu kijiji kimoja kati ya vitatu vilivyoguswa na mpango wa kujenga bwawa kwenye mto wa vijijini. Majina ya mto, vijiji, wilaya, taasisi na watu yameondolewa, na mambo machache ambayo yangemtambulisha mtu yamebadilishwa.

Msomaji wa Dar es Salaam akisikia bwawa atafikiria Kidunda, ambalo mkataba wake wa ujenzi ulisainiwa Novemba 2022 ili kuhifadhi lita bilioni 190 za maji ya Mto Ruvu kwa ajili ya jiji, au Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lenye megawati 2,115. Hili si mojawapo. Ni bwawa dogo, la umwagiliaji na maji ya mji wa wilaya, na sikumbuki kuliona kwenye gazeti hata siku moja. Nimelichagua kwa sababu hiyo hiyo. Wanaolalamikia mabwawa ya ukubwa huu hawana mwanasheria wala mwandishi wa habari. Wana ndugu zao waliohamia Dar.

Mimi nilihusika kama mshauri wa kujitolea wa umoja wa wazawa wa kijiji hicho waishio Dar es Salaam. Ninachokijua upande wa wataalamu wa mradi ni kile walichokisema mikutanoni na kilichoandikwa kwenye nyaraka tulizopewa. Msomaji alizingatie hilo.

Usuli

Mto wenyewe hujaa wakati wa masika, ukatanda bondeni, kisha ukarudi kwenye mkondo wake na kuacha udongo mweusi wenye unyevu. Kule Rufiji kilimo cha kufuata maji yanaporudi kinaitwa mlau. Kijiji hiki hakina jina la pekee kwa kilimo hicho. Watu wanasema tu "naenda bondeni". Wanaokwenda ni wanawake zaidi. Wanapanda mchicha, bamia, nyanya na mahindi ya kuchoma, na hayo ndiyo yanayolisha nyumba kiangazi na kununua madaftari ya watoto. Kuna wavuvi wachache wa kambare. Miezi ya ukame hupita wafugaji na ng'ombe wao, wakakaa wiki kadhaa, wakaondoka.

Juu ya bonde, palipoinuka, ndiko kwenye mashamba yenye wenyewe: mikorosho, minazi, miembe ya zamani. Wenye mashamba hayo wengi hawaishi kijijini. Wako Mbagala, Chanika, Gongo la Mboto. Wengine walizaliwa huko huko mjini na kijijini hufika kwa misiba na Idi. Shamba limeachiwa shangazi au mtoto wa mjomba analiangalia.

Kwa hiyo wenye ardhi kubwa hawakai kijijini, na wanaoutumia mto kila siku hawana ardhi kwa majina yao. Karibu kila jambo nitakalolieleza hapa chini lilitokana na mgawanyo huu, na ilichukua zaidi ya mwaka kabla mtu hajausema hadharani.

Umoja wa Dar ulianzishwa kwa ajili ya kuzikana. Ulikuwa na daftari la michango, mweka hazina anayeaminika, kundi la WhatsApp, na utaratibu wa kukutana Jumapili moja kila mwezi kwenye ukumbi wa kukodi Mbagala. Haukuwahi kushughulikia jambo lolote la serikali kubwa kuliko kibali cha kusafirisha maiti.

Mpango wa bwawa ulikuwa wa tuta la udongo lenye mlango wa kupunguzia maji. Eneo ambalo lingefunikwa kwenye kijiji hiki pekee lilizidi hekta 250. Namba hiyo itarudi.

Yaliyotokea: barua ya kwanza

Habari ilianzia kwenye vigingi. Vijana waliokwenda kutega samaki walikuta vigingi vya zege vyenye namba vimechimbiwa ng'ambo ya mto. Walipomuuliza mtendaji wa kijiji, alisema ni watu wa vipimo, watapita. Usiku huo simu zikalia Mbagala.

Jumapili iliyofuata ukumbi ulijaa kuliko msiba wowote. Ndani ya saa mbili ukawa na kaulimbiu, "Hatutaki bwawa", na mtu akajitolea kuchapisha fulana. Iliandikwa barua kali kwa mkuu wa mkoa, nakala kwa ofisi nane. Ilianza kwa maneno "Sisi wananchi wa kijiji cha…" na ikasainiwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina wa umoja. Wote watatu ni wakazi wa Temeke.

Wiki chache baadaye mkuu wa wilaya alifika kijijini na barua mkononi, akaitisha watu chini ya mwembe wa ofisi, akauliza nani ameiandika. Kimya. Akamgeukia mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti, aliyekuwa hajaonyeshwa barua na mtu yeyote, akasema haijui, na ndivyo ilivyokuwa kweli. Mkuu wa wilaya akasema kuna watu wa mjini wanapinga maendeleo ya wenzao huku wao wanafungua bomba asubuhi. Watu wakacheka. Muhtasari wa siku ile ukaandikwa kwamba kijiji hakina pingamizi na mradi.

Wajumbe wa umoja walilichukulia tukio lile kama hila. Kwa maoni yangu hila haikuwepo. Kiongozi aliuliza swali halali na hapakuwa na mtu mwenye mamlaka ya kulijibu. Lakini karatasi ile ya "hakuna pingamizi" iliwafuata kwa muda mrefu, ikawa inatolewa kwenye kila kikao kama hati ya ndoa.

Mzee wa Kipunguni

Ndani ya umoja alikuwamo mzee mmoja, karani mstaafu wa mahakama, mkazi wa Kipunguni. Watu wa Kipunguni na Kipawa walithaminiwa mwaka 1997 kwa ajili ya upanuzi wa uwanja wa ndege, na wapo waliosubiri fidia kwa zaidi ya miaka ishirini. Mzee huyu alijua maana ya kuishi kwenye nyumba iliyohesabiwa: huezeki upya, huongezi chumba, hupandi mti, na benki haikutazami. Kwenye kikao cha pili aliomba nafasi, akatoa miwani, akasoma kifungu cha 4 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999.

Kifungu kinasema hivi kwa ufupi. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa iwe ardhi ya jumla au ya hifadhi kwa manufaa ya umma, na eneo lisizidi hekta 250, Mkutano Mkuu wa Kijiji unakubali au unakataa. Likizidi hekta 250, Mkutano Mkuu unatoa mapendekezo tu na uamuzi ni wa waziri. Ila kwa hali zote mbili, ardhi haihamishwi mpaka aina ya fidia, kiasi chake, namna ya kuilipa na muda wake viwe vimekubaliwa.

"Ndugu zangu," alisema, "hapana yetu haifungi mlango. Mlango unafungwa na fidia."

Palizuka kelele. Kijana mmoja alisema mzee amenunuliwa. Wengine walisema kuzungumzia fidia ni kukubali kuuza makaburi ya babu zao. Mzee hakubishana nao. Aliuliza tu ni nani kati ya waliohudhuria ana haki ya kupiga kura kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mkutano huo ni wa wakazi wa kawaida wa kijiji waliofikisha miaka 18. Hakuna mkono ulionyooka.

Maamuzi na sababu zake

Kikao kile kilizaa maamuzi manne. Mawili yalikuwa mepesi: fulana zisichapishwe, na barua yoyote kuanzia hapo itoke kijijini kwa mhuri wa kijiji.

La tatu lilikuwa kutokwenda mahakamani kwa wakati ule. Kuishtaki serikali kunataka notisi ya siku 90 na shauri kufunguliwa Mahakama Kuu, na baada ya marekebisho ya 2020 utaratibu huo uligusa pia halmashauri na mashirika ya umma. Fedha ya umoja ilikuwa ya sanda na usafiri wa jeneza. Zaidi ya hapo, shauri lingesimamia hoja gani? Tathmini ya mazingira ilikuwa haijakamilika, hakuna aliyekuwa amehamishwa, na kwenye faili kulikuwa na muhtasari wa kijiji kisicho na pingamizi. Uamuzi wa kusubiri ulipita kwa kura chache, na uliwagawa watu. Naamini ulikuwa sahihi, ingawa waliobaki wanalalamika nao wana hoja: kusubiri kuliwapa wataalamu wa mradi miezi ya kufanya kazi bila kuulizwa.

La nne ndilo lililogharimu zaidi: kuwapeleka watu wa kijiji kwenye mkutano wa wadau, ambao mshauri mwelekezi wa mradi alikuwa ameuandaa kwenye hoteli hapa Dar. Umoja ulialikwa kama wawakilishi wa jamii. Kijiji hakikualikwa. Wengi walitaka kususa. Mzee wa Kipunguni alisema ukisusa, viti vyako wanakalia wengine na muhtasari unaandikwa vile vile. Ukachangwa mchango kama wa msiba, watu sita wakapandishwa basi, wakalala kwa ndugu zao Mbagala, asubuhi wakaingia hotelini na waalikwa.

Pale mlangoni palikuwa na karatasi ya mahudhurio. Kila aliyewahi kufuatilia miradi anajua karatasi hiyo inavyoweza kugeuzwa baadaye kuwa ushahidi kwamba jamii ilishirikishwa. Kukataa kusaini kungewanyima nauli na nafasi ya kusema. Wote sita walisaini, na kila mmoja akaandika mbele ya jina lake: "nimehudhuria, kijiji bado hakijashirikishwa." Msichana wa mapokezi alimwita bosi wake. Bosi akasoma, akanyamaza. Maneno yale yalikuja kuonekana kwenye kiambatisho cha ripoti, pamoja na mwandiko wa kila mtu.

Ndani, wataalamu walionyesha picha za bwawa la bluu. Aliyebadili hali ya ukumbi ni mwalimu mstaafu wa kijijini. Alikumbusha kisa cha chura wa Kihansi, ambaye maji ya maporomoko yake yalipochukuliwa na mtambo wa umeme, karibu vyura 500 walipelekwa Marekani mwaka 2000 wakatunzwa huko, na mwaka 2010 kizazi chao kikarudishwa na kupewa makazi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. "Chura alipanda ndege akarudi," alisema. "Mimi kanuni zinanipa usafiri wa tani 12 kwa kilomita 20. Naomba kujua kilomita ya 21 nitakwendaje." Ukumbi ulicheka, pamoja na wataalamu. Lakini swali halikuwa la mzaha: kanuni za fidia za 2001 ndivyo zinavyopima posho ya usafiri, na ardhi mbadala iliyokuwa inatajwa ilikuwa mbali zaidi ya hapo.

Mkutano ukaisha kwa ahadi kwamba kikao kama kile kitafanyika kijijini.

Mkutano Mkuu wa Kijiji

Kilifanyika baada ya mavuno. Safari hii maandalizi yalikuwa tofauti: badala ya hoja za kupinga, kijiji kilipanga maswali na kutaka kila jibu liandikwe kwenye muhtasari. Yalihusu fidia ya ardhi tupu, kwa sababu wazee wengi bado waliamini kinacholipwa ni miti na nyumba tu, hali sheria za 1999 zinatambua thamani ya ardhi yenyewe. Yalihusu makaburi. Yalihusu kiasi cha maji kitakachoachiwa kushuka mtoni kiangazi, na nani atakayefungua mlango wa tuta. Hilo la mwisho wataalamu walilijibu vibaya. Mmoja alisema bwawa litawaondolea mafuriko, akidhani anawapa habari njema. Kina mama wa bondeni waliangua guno refu. Mafuriko yale ndiyo mbolea yao.

Swali la makaburi lilichukua mchana mzima. Kwa mujibu wa Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969, wanaohusika hulipwa gharama za kufukua, kusafirisha, kuzika upya na kufanya mambo ya mila ya kutuliza waliokufa. Wengi hawakujua kwamba sheria inataja matambiko. Wazee wa ukoo mmoja walisema hakuna tambiko la kumhamisha aliyelala karne nzima, na hakuna fedha itakayobadilisha hilo. Walisema kwa upole, bila kupaza sauti, na mhandisi aliyekuwa anaandika aliacha kuandika akawa anasikiliza.

Muhtasari wa siku hiyo ulisomwa kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, ukasainiwa, ukapigwa picha na simu zaidi ya kumi. Ulisema kijiji kinapendekeza tuta lipunguzwe urefu ili kitongoji cha makaburi kisalimike, na kwamba kijiji hakitajadili kuhamisha ardhi hadi orodha ya wote wanaoutumia mto iwe imeandikwa.

Uthamini

Wathamini walikuja. Kila mwenye shamba akapigwa picha ameshika kibao cha namba, nyumba zikaandikwa namba kwa rangi nyekundu, miti ikahesabiwa. Watu walizuiwa kuendeleza maeneo kuanzia siku hiyo.

Hapa mzee wa Kipunguni alikuwa amejiandaa. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 inasema fidia isipolipwa ndani ya miezi sita baada ya kuidhinishwa, riba inaanza kuhesabiwa, na uthamini ukifikisha miaka miwili bila malipo unakwisha nguvu. Alimwomba kila mwenye namba aandike tarehe nyuma ya nakala yake. Akawafundisha vijana wawili kutunza daftari: namba, jina, tarehe ya uthamini, tarehe ya kuidhinishwa. Kazi ya kikarani isiyopendeza. Malipo yalipochelewa, daftari hilo ndilo lililotumika kudai riba, na likakubaliwa bila ubishi mkubwa.

Tatizo lilikuwa bondeni. Wathamini waliruka bustani za kina mama. Sababu yao: kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wakazi wa Dar wanaijua hiyo mita 60 tangu bomoabomoa ya mabondeni ya mwishoni mwa 2015. Kwa wathamini hesabu ilikuwa rahisi: aliye ndani ya mita 60 hayupo kisheria, asiyekuwepo halipwi.

Lakini kifungu chenyewe kinazungumzia shughuli za kudumu, au ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri uhifadhi. Mchicha wa wiki tatu si jengo. Hoja hii iliandikwa na kupelekwa wilayani na kwa mshauri mwelekezi, ikiwa na orodha ya majina ya kina mama, hatua za kila bustani na mazao yaliyomo. Orodha ilitayarishwa na wenyewe, kwa kamba ya manila yenye mafundo.

Matokeo

Urefu wa tuta ulipunguzwa kwenye usanifu wa mwisho, na kitongoji chenye makaburi kikabaki nje ya maji. Wataalamu walieleza sababu kuwa ni gharama na uimara wa miamba ya pembeni. Inawezekana. Wanakijiji wanasema ni wazee wa ukoo. Sioni haja ya kuamua kati yao.

Wenye mashamba ya juu walilipwa kwa awamu mbili, ya pili ikiwa na riba. Wengi walikuwa Dar siku ya malipo na fedha ziliingia benki Dar. Shangazi na watoto wa mjomba waliokuwa wakiangalia mashamba hayo walipata walichopewa na ndugu zao, na kuna nyumba mbili ambazo hazisalimiani hadi leo.

Kina mama wa bondeni walilipwa thamani ya mazao ya msimu mmoja. Ardhi haikuhesabiwa. Posho ya usumbufu hawakupata. Kwa wale waliokuwa hawamo kabisa kwenye hesabu, ni kitu. Kwa mtu aliyelima pale miaka thelathini, ni bei ya matenga machache ya nyanya.

Wafugaji hawakupata chochote, na jina la mfugaji hata mmoja halimo kwenye karatasi zote nilizopitia.

Ahadi ya maji ya kiangazi iliingia kwenye masharti ya mazingira kama kiwango cha chini cha kuachilia. Hadi naandika, ujenzi wa tuta haujaanza, kwa hiyo hakuna anayejua kama kitafuatwa.

Uchambuzi

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa Mbagala kama ushindi wa umoja, na kina mama wakikisimulia kijijini huwa ni kisa cha kuachwa. Nimewasikiliza wote. Kinachowatenganisha ni uamuzi uliofanywa mapema bila kutajwa kuwa ni uamuzi: nani ahesabiwe kuwa ni mwenye kudai.

Barua ya kwanza iliharibu mengi kwa sababu iliandikwa na watu wenye uchungu wa kweli wasiokuwa na sifa ya kuiandika. Mwenye shamba anayeishi mjini ana haki ya fidia ya shamba lake. Hana haki ya kusema kwa niaba ya kijiji, na taasisi za kijiji zinajua tofauti hiyo vizuri. Umoja uliporudisha kalamu kijijini, mambo yalianza kusogea. Lakini ulirudisha kalamu tu. Ajenda iliendelea kutoka Mbagala, na Mbagala walikuwa wenye mikorosho. Ndiyo maana daftari la tarehe, kazi nzuri kuliko zote kwenye kisa hiki, liliwalinda wenye namba. Asiye na namba hakuwa na ukurasa.

Kuhama kutoka "hatutaki" kwenda kwenye masharti ya fidia kulilaumiwa wakati ule na bado kunalaumiwa. Kwa eneo lililozidi hekta 250 sioni njia nyingine iliyokuwa na uzito kisheria. Hata hivyo kulikuwa na gharama ambayo mzee wa Kipunguni mwenyewe aliikubali baadaye. Fidia ni lugha ya mali. Ukishaingia humo, mwenye mali anasikika na mwenye desturi tu ananong'ona. Wazee wa makaburi walisalimika kwa sababu walikataa kabisa kuzungumza lugha hiyo, na walikuwa na heshima ya kutosha kukataa. Kina mama hawakuwa na nafasi hiyo.

Hoja ya mita 60 ilifika kwa kuchelewa. Ilijengwa baada ya wathamini kupita, wakati kila marekebisho yalimaanisha kufungua upya kitabu cha uthamini, jambo ambalo hakuna ofisa aliyelitaka. Ingewekwa mezani kwenye hatua ya kukusanya maoni ya tathmini ya mazingira, pale hotelini, ingejibiwa kwenye ripoti na jibu lingewafunga wathamini. Watu sita waliosafirishwa kwa mchango walikuwa wanaume wanne na wanawake wawili, na kati ya wanawake hao hakuna aliyelima bondeni. Waliochaguliwa ni waliozoea kusema mbele za watu. Mimi nisingewachagua hivyo, lakini naelewa: nauli ilikuwa ya kuhesabu na kila mtu alitaka msemaji.

Yale maneno kwenye karatasi ya mahudhurio yalifanya kazi kuliko barua zote, na hayakugharimu kitu. Tangu hapo nimewaambia vikundi vingine viwili vifanye hivyo. Kimoja kilikubali, kingine kiliogopa kunyimwa posho.

Kuhusu wafugaji, ugumu ulikuwa wa kalenda. Mkutano wa hotelini, Mkutano Mkuu na uthamini vyote viliangukia miezi ambayo ng'ombe hawapo. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Wanakijiji nao hawakulalamika sana, maana mifugo huingia kwenye bustani na kila mwaka kuna ugomvi. Wapo waliosema waziwazi kwamba bwawa likiwaondoa wafugaji, hilo moja wanalikubali. Orodha ya "wote wanaoutumia mto" iliyotajwa kwenye muhtasari iliandikwa na watu waliokuwepo siku ilipoandikwa. Ili mfugaji aingie, ilibidi mtu wa kijiji amtaje, ampigie simu kiongozi wake, au aombe kikao kimoja kisogezwe hadi ukame. Hoja ya kusogeza kikao ilitolewa mara moja kwenye kundi la WhatsApp. Ikajibiwa kwa alama ya dole gumba, kisha likafuata tangazo la msiba.